Tunacheza, Lakini Miguu Iko Wapi?

Kwanza nikuulize, na unijibu kwa ukweli: mara ya mwisho wewe na mwenzio mlicheza lini? Sisemi kwenye harusi ya mtu, pale MC anapowanyanyua meza nzima mkatunze, mnaburuza miguu huku mmeshika noti ya elfu mbili juu. Nasema kucheza. Wawili tu, au kwenye kundi la watu mnaojuana, mpaka jasho litoke.

Wengi ninaowauliza wanacheka halafu wanabadilisha mada. Kazi, watoto, uchovu, simu. Na kwa baadhi yetu kuna hili jingine: mume mkoa huu, mke mkoa ule. Mimi kazi yangu ipo Singida mjini. Mke wangu yupo Dar, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi hivyo. Kati yetu kuna kama kilomita 700. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mambo yamekuwa afadhali, anashuka pale anamalizia na basi. Lakini nauli ni nauli, na bosi ni bosi. Tunaonana inapowezekana, siku nyingine zote ndoa inaendeshwa kwa bando.

Kwa hiyo mshikaji wangu mmoja wa Dar, mpiga picha za video, aliponiambia ana miwani ambayo ukiivaa unajikuta katikati ya watu wanaocheza, nilimwambia ailete haraka. Desemba iliyopita alikuwa anapita Singida kwenda kwao, akalala kwetu siku tatu. Mke wangu naye alikuwa yupo likizo. Miwani ikatoka kwenye begi imeviringishwa kwenye kanga, kama sahani za bi harusi.

Kitaalamu jambo lenyewe linaitwa uhalisia pepe. Mtaani wanasema VR tu, na mimi nitasema hivyo. Ndani ya ile miwani kila jicho linaoneshwa picha yake, iliyotofautiana kidogo sana na ya jicho la pili, kama macho yetu yanavyoona kila siku. Ubongo unaziunganisha, unaona kina. Vihisio vinafuata kichwa chako: ukigeuka, dunia nayo inageuka. Picha inabadilishwa mara 72 au 90 au zaidi kwa kila sekunde, na isipofanya hivyo utajuta, maana macho yatasema tumegeuka wakati sikio la ndani linasema bado. Kichefuchefu chake ni kile cha basi linaloshuka kona za Sekenke, dereva kachelewa.

Tukasogeza meza, tukakunja zulia. Unachora mpaka wako sakafuni, kama mita 2 kwa 2, ukitaka kuuvuka inatokea nyavu mbele ya macho kukuonya. Ni muhimu bwana, nyumba zetu za kupanga mnazijua, hatua mbili umeshagonga friji.

Mke wangu ndiye aliyeanza. Ilikuwa video ya vijana sita wanaocheza kwenye ghala tupu, imepigwa kwa kamera ya nyuzi 360 iliyosimamishwa katikati yao. Akavaa, akatulia, halafu akaruka nyuma. "Huyu kaanguka miguuni kwangu kabisa!" Baada ya dakika mbili mikono ikaanza kupanda yenyewe. Akageuka. Akainama. Akamtabasamia mtu upande wa kushoto, akamsindikiza kwa macho mpaka nyuma ya kabati la vyombo.

Sasa mimi hapo nimekaa kwenye mkono wa kochi namtazama, na nilichosikia moyoni kilikuwa ndugu wa karibu na wivu. Siyo wivu wa mwanaume mwingine, hapana. Ni ule wa kumwona mtu wako yuko kwenye raha ambayo wewe huna tiketi yake. Alikuwa amejiachia vile ambavyo sijamwona tangu uchumba, na mimi simo. Ningemshika mkono ningemshtua tu.

Zamu yangu ilipofika nikaelewa. Mle ndani hakuna anayekuangalia. Unajua kabisa kwamba sebuleni watu wamejaa wanakucheka, lakini mwili hauamini. Unaamini kile unachokiona. Kwa mtu mwenye aibu hii ni dawa, na hapo hapo ndipo penye tatizo la kitu chenyewe. Wale vijana wa ghalani hawanioni. Nikinyoosha mkono, mkono unapita hewani. Nimealikwa kwenye dansi kama mzimu.

Niweke sawa jambo moja kabla sijasahau. Ninaposema dansi ya kisasa simaanishi staili za kwenye video za bongo fleva. Nasema ile sanaa ya jukwaani ambayo mtunzi anaanza na wazo halafu anautafutia mwili njia ya kulisema: kuanguka, kupumua, kubebana, kukaa kimya. Afrika Mashariki haikuanza jana. Nairobi, miaka ya 1990, Opiyo Okach na wenzake walianzisha kundi la Gàara. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Mkongo, Faustin Linyekula, ambaye mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, baadaye akaihamishia Kisangani alikokulia. Dar kuna shule ya MUDA Africa ya Ian Mwaisunga na limekuwepo tamasha la Visa 2 Dance. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, hiki tunachokiita TaSUBa.

Singida? Studio ya dansi sijaiona. Tuna alizeti, tuna vitunguu, tuna kuku ambao Dar nzima inawajua kwa jina la mkoa. Tuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, upepo usiochoka, na uwanja wa mpira ambao siku hizi unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wanasimulia kwamba aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Dansi ya kwenye kompyuta tunaisikia kwa mbali.

Lakini ndoa hii ya dansi na kompyuta ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mmarekani Merce Cunningham, mmoja wa watunzi wakubwa wa karne iliyopita, alikuwa mzee, maungo yamekaza, hawezi tena kuonesha kila hatua kwa mwili wake. Akawa anatunga kwenye skrini, anamkunja na kumnyoosha mtu wa kompyuta, kesho yake wachezaji wanajaribu kama mwili wa kweli unaweza. Mwaka 1999, akiwa na miaka 80, alitoa BIPED. Wachezaji walikuwa wamefungwa alama mwilini, kamera zikanasa mwendo wao, na mwendo huo ukageuzwa michoro mikubwa ya mwanga inayocheza jukwaani pamoja na watu. Mwaka 2016 ballet ya taifa ya Uholanzi ikatengeneza Night Fall, kazi iliyotungwa kwa ajili ya VR tangu mwanzo. Nzuri, lakini bado wewe ni mzimu.

Aliyelivunja hili tatizo ni Mswisi Gilles Jobin. Kazi yake ya 2017, VR_I, wanaingia watazamaji watano kwa pamoja, kila mmoja kabeba kompyuta mgongoni na vihisio mikononi na miguuni. Ndani wanaonana. Wana miili bandia, lakini ukinyanyua mkono mwenzio anauona, ukitembea anakupisha. Wanaozungukwa ni wacheza dansi warefu kama milima na wengine wadogo kama vidole. Hakuna anayekuamuru ucheze. Watu wanaanza wenyewe.

Halafu mwaka 2021 akaja Blanca Li, Mhispania anayefanya kazi zake Ufaransa, na Le Bal de Paris. Hii wapenzi mngeipenda. Watu kama kumi wanaingia, wanachagua nguo ya sherehe iliyobuniwa na Chanel, bila kulipa shilingi maana nguo yenyewe haipo, na wanaingia kwenye dansi la kitajiri linaloendelea kwa kama dakika 35. Kati yao kuna wachezaji wawili wa kweli, wenye damu na nyama, wamevaa vifaa hivyohivyo. Kwa hiyo unapoona mkono unanyooshwa kukuomba mcheze waltz na ukaupokea, unashika mkono wa mtu. Wa moto! Ilishinda tuzo ya VR bora upande wa kazi shirikishi kwenye tamasha la Venice mwaka huo, na mimi naona ilistahili kwa sababu ya ule mkono tu.

Kwa Afrika Mashariki, VR ya dansi hasa bado ni haba, ila VR yenyewe ilishafika. Mwaka 2017 The Nest Collective ya Nairobi ilitoa Let This Be a Warning, hadithi ya Waafrika waliohama dunia wakaanzisha maisha kwenye sayari nyingine, na mwaka huohuo Ng'endo Mukii akatoa Nairobi Berries. Kwa hiyo uwezo si wa kuagiza.

Kwa wale mtakaotaka kujaribu nyumbani: miwani kamili kama Quest 3S iliingia sokoni mwaka 2024 kwa dola 299 huko Marekani, kabla ya usafiri na kodi. Ni hela. Njia ya bei poa ni boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, aina iliyoanzishwa na Google mwaka 2014. Wao waliacha kuliuza mwaka 2021 lakini mafundi wa mitaani wanaweza kukukatia, na unachomeka simu yako ndani. Hata bila boksi, video za nyuzi 360 zipo YouTube tangu 2015, unageuza simu huku na huku kama unachungulia dirishani. Ila tafadhali, anzeni na dakika tano. Na mmoja abaki nje amwangalie mwenzie asiangukie jiko.

Haya, sasa twende Manyoni.

Mke wangu ni Mgogo wa huko. Watu wengi wakisikia Wagogo wanafikiria Dodoma tu, lakini wilaya ya Manyoni, ndani ya mkoa wetu wa Singida, nayo ni kwao. Mama mkwe wangu anapiga muheme. Kama hujawahi kuona, hii ni ngoma ya wanawake: wanasimama mstari au mduara, kila mmoja kabana ngoma katikati ya mapaja, anapiga kwa viganja huku magoti na mabega yanafanya kazi yao. Mwili mzima ndiyo stendi ya ngoma. Ukiondoa miguu hakuna muheme.

Tulikwenda kumsalimia siku ya pili, na mshikaji akabeba miwani yake na ile kamera. Tukaitikiana "mbukwenyi" pale uani, tukakaa, tukala. Mama akataka kujua hilo dude ni la nini. Hapa kukawa na mtihani mdogo: mimi mkwe, siwezi kusimama nikamfunga mama kitu kichwani. Heshima hairuhusu. Mke wangu akamvalisha, akamlegezea kilemba, mimi nikasogea hadi kwenye kivuli cha mwembe nikawa naona kwa pembeni.

Mama akatulia muda mrefu. Wale vijana sita wa ghalani walikuwa wanamzunguka. Halafu akafanya kitu ambacho sisi wengine wote hatukukifanya: aliangalia chini.

"Mbona sina miguu?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaangalia tena, akajipapasa mapaja kwa mikono kuhakikisha, akasema, "Sasa ngoma naibana wapi?"

Bwana, swali lile limewasumbua matajiri. Miwani nyingi zinaona mikono yako kwa sababu ina kamera zinazoangalia mbele, lakini miguu inafichwa na tumbo, na nguo, na mwili wenyewe, kwa hiyo kompyuta inabaki kubahatisha. Kampuni ya Meta ilijenga ulimwengu mzima wa VR ambao watu wake walikuwa wanaelea kuanzia kiunoni. Mwaka 2022 wakatangaza kwa mbwembwe kwamba miguu inakuja, na ikaanza kufika 2023. Jobin na Blanca Li wao walifunga vihisio miguuni tangu mwanzo, maana ni watu wa dansi, wanajua pa kuanzia. Mama wa Manyoni alihitaji kama dakika nne kufika hapohapo.

Ndipo mshikaji akatoa wazo. Kwa nini kamera isikae katikati ya mduara wa kina mama? Jioni ile wakaja wenzake mama, wanawake wanane na ngoma zao. Lakini kabla ya kigoma kimoja kulia, kukawa na kikao, na nakisimulia kwa sababu ndicho kilichonigusa kuliko miwani. Zamani muheme ilienda pamoja na shughuli za kuwatoa wasichana, na ndani yake kulikuwa na ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 imeupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Kina mama hawa wameibakiza ngoma, kisu wamekiacha. Wanapiga kwenye harusi, kwenye mikutano, kanisani kukiwa na sherehe. Ila kuna nyimbo za unyago ambazo bado ni za wanawake ndani, na wakasema hizo kamera haisikii. Pili, picha isiende mtandaoni bila wao kukaa tena na kukubaliana, na kama kuna hela, igawanywe kwa wote wanane. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inataja na sanaa za jadi, lakini nilichokiona pale ni watu ambao hawakusubiri wakili.

Wakapiga. Kamera imesimama katikati kwenye mguu wake mmoja mwembamba, vumbi linapanda, na mama mmoja kila akiipita anaisukuma kwa bega kama anataka kuichokoza icheze. Mimi mkwe niko mwembeni, napiga makofi kwa adabu.

Nikawa nafikiria kazi moja ya Opiyo Okach ya miaka ya 2000, Shift... Centre, ambayo watazamaji hawawekwi kwenye viti mbele ya jukwaa, wanatembea kati ya wachezaji na kila mmoja anachagua pa kuangalia. Ulaya hilo ni jambo la kuandikiwa makala. Manyoni ndivyo ilivyo siku zote: hakuna mbele, hakuna viti, na ukisimama kwenye mduara huchezi kwa muda gani kabla hujavutwa? Kwa mtazamo wangu ngoma zetu zinakaa ndani ya VR vizuri kuliko ballet, kwa sababu zilitungwa zionekane kutoka katikati.

Mke wangu akarudi Dar Januari. Mshikaji alimwachia miwani kwa wiki mbili. Usiku mmoja, kama saa nne, akanipigia na sauti imebadilika.

"Nimeivaa. Niko uani kwa mama."

Akanieleza polepole. Mama anapita mbele yake, anamwangalia usoni kabisa, maana wakati ule alikuwa anaitazama kamera. Nyuma kuku wanakimbia. Akigeuka upande wa mwembe ananiona mimi, mdogo, napiga makofi. Alisema alisogea kuja kwangu hatua tatu, na mimi sikukua. Video ya nyuzi 360 ndivyo ilivyo, unaweza kugeuka lakini huwezi kusogea. Kichwa kinafuatwa, miguu haihesabiki. Akagonga ukuta wa chumba chake Sinza, akakaa sakafuni.

"Ikawaje?" nikamuuliza.

"Nikaivua. Nikalia kidogo. Halafu nikaivaa tena."

Nimesikia watu wakisema teknolojia kama hii itaziponya ndoa za mbali. Mimi sijui ndoa za wengine. Kwetu haikupunguza umbali, iliuonesha vizuri zaidi, kwa rangi na pande zote. Simu ya kila usiku ilikuwa imetufanya tuuzoee. Baada ya usiku ule mazungumzo yetu yalibadilika: tuliacha kuulizana umekula nini tukaanza kuzungumza nani anaandika barua ya uhamisho, mimi au yeye, na kwa maneno gani. Mpaka naandika makala hii barua mbili zimeshaandikwa, moja ya kwake, moja ya kwangu. Tumekubaliana itakayojibiwa kwanza ndiyo tutakayoifuata.

Na lingine ni hili. Kuna usiku mwingine tunafungua spika za simu, yeye anaweka sauti ya ile video, mimi nasogeza meza Singida, yeye anasogeza kitanda Sinza, bila miwani, na tunacheza kila mtu kwake. Tunasikiana pumzi. Mtandao ukikata mmoja anaendelea peke yake mpaka urudi.

Kina mama wa Manyoni waliletewa miwani Machi waione kazi yao. Walikaa wote wanane, wakapokezana. Walijicheka, walikosoana mabega, mmoja alidai amenenepeshwa na kamera. Kuhusu kuiweka mtandaoni wamesema bado. Kuna bibi ambaye kawaida anapiga ngoma kubwa, siku ile hakuwepo, alikuwa shambani. Alivyovaa miwani akageuka pole pole mzunguko mzima, akanyoosha kidole hewani kati ya watu wawili ambao sisi wengine hatukuwaona, akasema pale ndipo anaposimama yeye, na hapana mtu. Wakapiga kura palepale: irudiwe yote, akiwepo. Mke wangu ameshaomba ruhusa ya siku nne.